Somo la 14: Kulikagua Gari la Zamani Kabla ya Safari Ndefu

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa katika redio. Vikundi vya kusikiliza vinaombwa kuyasoma tena pamoja kabla ya kujibu maswali yaliyo mwishoni.)

 

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kuendesha gari katika matope. Leo turudi nyuma hatua moja, tuitazame kazi inayotangulia safari. Mfano wetu utakuwa gari ambalo wengi wenu mnalijua: Land Rover ndefu ya inchi 109, ya namna iliyoitwa Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 mpaka 1985. Na safari yetu iwe ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, zaidi ya kilometa 800, kwa kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa. Katika njia hiyo kuna joto la mabondeni, kuna mbuga ya wanyama, na kuna mlima wa Kitonga. Mengi nitakayosema yanafaa pia kwa gari jingine lo lote la zamani ambalo magurudumu yake yote manne yanaweza kuvuta.

Kwanza nitawasimulia kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari la namna hii. Jioni moja kabla ya kwenda msibani Mbeya, niliona gurudumu la nyuma la kushoto limelowa kwa upande wa ndani. Nilikuwa na haraka. Nikachukua kitambaa, nikafuta, nikasema nitalitazama nikirudi. Tulikwenda salama. Wakati wa kurudi tulikuwa watu saba. Tukiteremka Kitonga, nikakanyaga breki, na kanyagio likaenda mpaka chini kama ninayekanyaga hewa. Tuliokolewa na mambo mawili: gari lilikuwa katika gia ya pili, kwa hiyo mwendo ulikuwa mdogo, na breki ya mkono ya gari lile haitumii mafuta. Nilivuta mkono, gari likajisugua na ukingo wa mlima, likasimama. Hakuna aliyeumia. Shangazi yangu, aliyekuwa nyuma amempakata mjukuu wake, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulikuwa hujui?"

Nilikuwa najua, wasikilizaji. Nilijua, nikafuta kwa kitambaa.

Basi hili ndilo jambo kubwa la somo la leo. Gari la zamani ni nadra kuharibika ghafula. Kwa kawaida hutoa taarifa: tone la mafuta, mlio, joto, harufu, usukani unaochezacheza. Kazi yetu ni kuisikiliza taarifa hiyo mapema, tungali na nafasi ya kutengeneza. Kwa hiyo ukaguzi uanze juma moja kabla ya safari, wala si usiku wa kuamkia safari. Ukigundua kasoro usiku, utashawishika kuifunika.

Haya, tuanze na breki. Fungua kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki, utazame kiasi chake. Kama yamepungua, usijaze tu ukaenda zako. Jiulize yamekwenda wapi. Kisha kanyaga breki kwa nguvu, ushikilie kwa muda wa dakika moja. Kanyagio likishuka polepole, mafuta yanavuja mahali fulani, au masta silinda imechoka. Likiwa laini kama sifongo, kuna hewa ndani. Likipanda juu baada ya kukanyaga mara mbili tatu, yawezekana breki zinahitaji kukazwa, kwa maana gari hili lina breki za dramu katika magurudumu yote manne, nazo hazijikazi zenyewe. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu. Palipolowa, ni sharti dramu ifunguliwe. Magari mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki, na hapo tundu dogo katika gurudumu moja huua breki za magurudumu yote.

Jambo jingine ni umri wa mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Yale ya alama ya DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki mpaka joto lipite nyuzi 230 za Sentigredi. Yakiisha kunywa unyevu yaweza kuchemka karibu na nyuzi 155. Katika mteremko mrefu breki hupata moto mkali, mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hausukumi breki. Ndiyo sababu yafaa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili.

Tuje kwenye matairi. Watu wengi hutazama meno tu, wakaridhika. Lakini tairi huzeeka hata likikaa bila kutumika. Tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne zilizo pamoja baada ya herufi DOT. Ukikuta 2319, maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililopita miaka mitano likaguliwe vizuri kila mwaka; lililopita miaka kumi lisiende safari, hata kama meno yake ni mazuri. Tazama nyufa na uvimbe, pande zote mbili. Usisahau tairi la akiba, maana hilo ndilo huwa kuukuu kuliko yote. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Kisha inua gurudumu moja moja kwa jeki. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea, au, kwa magurudumu ya mbele, pini za usukani zimelika. Lakini angalieni sana: asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo imara, na magurudumu mengine uyazuie kwa mawe.

Sasa maji ya rejeta. Fungua kifuniko gari likiwa baridi, kamwe si likiwa la moto, kwani maji yenye mkandamizo huruka na kuunguza uso. Maji yawe safi. Yakiwa na rangi ya kutu, rejeta isafishwe. Finya mipira yote ya maji kwa vidole. Mpira uliokuwa mgumu kama ukuni, au laini kama ndizi mbivu, ubadilishwe. Tazama mkanda wa feni kwa upande wa ndani, ambako nyufa huanzia. Na ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, huenda maji yanaingia katika oili. Mwite fundi kwanza.

Juu ya oili, wengi hupima ile ya injini tu. Land Rover hii ina mahali pengine: giaboksi kubwa, giaboksi ndogo iliyo nyuma yake, difu ya mbele, difu ya nyuma, na yale mafundo mawili ya duara yaliyo karibu na magurudumu ya mbele. Kila pamoja pana skrubu yake ya kupimia. Ukiwa chini huko, shika propela uizungushe huku na huku. Ikicheza kwenye viungo, viungo vimekwisha. Tazama springi kama kuna bapa lililovunjika, na ukaze nati za yubolti. Mwenzako achezeshe usukani huku wewe ukitazama viungo vyake kimoja kimoja.

Umeme tutaupita upesi. Safisha vichwa vya betri, uvikaze. Betri nzima, iliyopumzika usiku, huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikizunguka, ipande kufika kama 14. Washa taa zote, na mtu asimame nyuma azitazame taa za breki.

Jaribu pia mtambo wa magurudumu manne, maana usipotumika kwa muda mrefu hukwama. Bonyeza kile kijiti chenye kichwa cha njano ili magurudumu ya mbele yavute. Vuta kile chekundu ili upate gia za nguvu. Fanya jaribio hilo katika udongo au mchanga, wala si katika lami kavu, kwani huko mitambo hujikaza na kuvunjana.

Baada ya hayo yote huja jambo ambalo watu wengi huliacha. Pakia gari mizigo kama ile ya safari, uende kilometa 30, urudi. Ukisimama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, bila kugusa kwanza. Vitovu vinne vipate joto lililo karibu sawa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, breki inashika au beringi inakufa. Tandika karatasi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi karatasi hiyo itakusomea habari zote: tone la rangi gani limeanguka, na limeanguka mahali gani.

Vifaa vya kuchukua ni vichache: jeki na ubao wa kuiwekea, spana, mkanda wa feni, mpira wa rejeta, fyuzi, mafuta ya breki, oili, maji ya kutosha watu na rejeta, kizima moto na pembetatu za hatari. Mizigo mizito iwekwe chini ndani ya gari, si juu ya paa. Na kumbukeni kwamba katika mbuga ya Mikumi haifai kushuka garini ovyo. Kasoro iliyoachwa nyumbani itakudai mbele ya simba.

Nikimaliza, nawaachia ombi moja. Mtakapoona palipolowa, msichukue kitambaa kwanza; mwiteni fundi. Na ikiwa fundi hakumaliza, safari iahirishwe. Wenyeji watawasubiri siku moja, nao watafurahi kuwaona mmefika.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:
1. Kwa nini tundu dogo katika gurudumu moja laweza kuua breki zote?
2. Tairi lina tarakimu 4012. Lilitengenezwa lini, nalo lifanyweje?
3. Mwenye gari akikataa kuahirisha safari, dereva wa kuajiriwa afanye nini?

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya kupakia mizigo. Mpaka hapo, nawatakieni heri. Kwaherini.