Zebaki Haiwaki, Mbona Ndege Inaikataa?

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Kabambare, zebaki huonekana mzigo mpole. Haiwaki wala hailipuki, na chupa ya nusu lita, ijapokuwa na uzito wa karibu kilo 7, hukaa ndani ya mkoba. Lakini kanuni za anga zinamkataza abiria kuibeba. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi. Zebaki ikipenya penye mkwaruzo, huungana na metali na kuuzuia utando usijijenge upya, na alumini ikaendelea kulika. Miili ya ndege nyingi ni ya alumini.

Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa umeipa namba 2809 na kuiweka daraja la 8, la vitu babuzi. Sumu yake inatajwa kama hatari ya pili. Mwainishaji huuliza: ikimwagika, itamdhuru nani na itaharibu nini, pamoja na chombo kinachoibeba? Mfumo huo, uliochapishwa kwanza mwaka 1956, una madaraja 9, kuanzia vilipuzi hadi hatari nyinginezo. Mizigo mingi hupewa pia kundi la ufungashaji: I ni hatari kubwa, III ni ndogo.

Chukua bidhaa zinazouzwa kila siku Kasongo. Esanse (1203) na mazuti (1202) zote ni daraja la 3, vimiminika vinavyowaka. Ila esanse ni kundi la II, kwa kuwa mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Mazuti ni kundi la III: kwa kawaida lazima yapashwe kupita nyuzi 50. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi ukutane na jiko au sigara. Huko Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya 230.

Daraja huamua pia nani asafiri na nani. Sianidi ya sodiamu, inayotumika katika migodi ya viwanda kutenganisha dhahabu na mawe, ni namba 1689, daraja la 6.1, kundi la I. Ikikutana na asidi ya betri, hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Kwa hiyo hazipakiwi pamoja, hata kama kila moja imefungwa vizuri.

Taabu yetu huanza pale mzigo unaposhushwa kwenye lori na kugawanywa kwa pikipiki: bidoni jipya, chupa ya maji, lebo imebaki kwenye pipa. Hatari haikupungua, aliyeijua ndiye amebaki nyuma. Anayegawa aandike jina na namba kwenye kila chombo, naye dereva asipakie kisicho na maandishi.