Muda wa Bayi, Tarakimu Mbili, Wilaya Mbili

Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi kwenye utepe. John Walker wa New Zealand alimfuata, Mkenya Ben Jipcho akawa wa tatu. Bayi, mzaliwa wa Karatu, akawa amevunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyowekwa mwaka 1967.

Kwa muda gani? Hapo ndipo kazi ya kuhakiki inapoanza. Orodha moja itasema dakika 3 na sekunde 32.2, nyingine sekunde 32.16. Msomaji mwenye haraka atadhani mmoja kakosea. Hakuna aliyekosea: saa ya umeme ilisoma 32.16, lakini enzi hizo rekodi za umbali huo ziliidhinishwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu. Anayefuta tarakimu moja ili nyingine ibaki anapoteza nusu ya ukweli.

Makosa halisi huja kwenye maneno yanayoizunguka tarakimu. Husemwa kwamba rekodi ya Bayi ilidumu miaka 48. Rekodi ipi? Ile ya dunia ilichukuliwa na Mwingereza Sebastian Coe mwaka 1979. Iliyodumu hadi 2022, Mwaustralia Ollie Hoare alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham, ni rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Vivyo hivyo kwa Alphonce Simbu. Ushindi wake wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, uliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Lakini kumwita Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mbio ni kumsahau Fabiano Joseph, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 huko Edmonton, Kanada.

Mahali pia panahitaji kuulizwa. Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, kwa hiyo karatasi ya zamani inayomwita mkimbiaji wa eneo hilo “wa Mbulu” huenda inamaanisha Karatu ya leo. Mwaka 2002 Mbulu ikahamia mkoa mpya wa Manyara, Karatu ikabaki Arusha. Mwalimu wa Buger, wilayani Karatu, anayekusanya habari za wanariadha wa nyumbani asiposoma mwaka wa karatasi, atamgawa mtu mmoja kuwa wawili.

Makosa kama haya yanauma zaidi kwa wale ambao hawakufika Christchurch wala Tokyo. Bayi ana mashahidi dunia nzima. Mshindi wa wilaya katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ana karatasi moja ya matokeo. Inafaa inakiliwe mapema, ikiwa na jina kamili, shule, tarehe, umbali, uwanja na aina ya saa iliyotumika.