Breka Hailindi Pampu

Swali limenifikia tena wiki iliyopita, safari hii kutoka kwa kijana anayeandaa Subaru Impreza kwa mbio za klabu. "Fundi, breka ya pampu ya mafuta inakata kila baada ya dakika kumi. Ni ya ampea 15. Niweke ya 20, au niende moja kwa moja kwenye 30 nipumzike?"

Nimeulizwa hivyo na madereva, na waelekezi wao, na mafundi waliokula chumvi nyingi gereji. Kinachobadilika ni kifaa tu: leo pampu, kesho feni, keshokutwa taa za mbele. Nami huuliza swali langu moja: waya unaopeleka umeme kwenye hicho kifaa una unene gani? Hapo simu hunyamaza. Kijana huyu alijua chapa ya pampu, shinikizo lake na bei aliyoinunulia. Waya hakuwahi kuupima.

Nyuma ya swali hili kuna imani moja, kwamba breka au fyuzi imewekwa pale kulinda kifaa. Mwenye imani hiyo akiona pampu inazunguka vizuri lakini breka inakata, huamua kwamba breka ni ndogo. Huongeza namba, kero inaisha, na yeye huhesabu kwamba ametengeneza gari. Kilichoisha ni taarifa ya ubovu. Ubovu wenyewe umebaki ndani ya waya, na sasa hakuna cha kuuzuia.

Breka inalinda waya. Pampu iliyoungua koili zake haiokolewi na breka, kwa sababu imekwisha kuungua. Lakini betri inayoweza kutoa ampea mia kadhaa kuzungusha stata haichagui pa kuzipeleka. Waya mwembamba kama njiti ya kiberiti ukigusa bodi, betri itasukuma humo chochote inachoweza. Joto nalo halipandi sawasawa na ampea: ukizidisha ampea mara mbili, joto ndani ya waya huwa mara nne. Kazi ya breka ni kukata kabla ya joto hilo kuyeyusha ganda. Kwa hiyo namba yake hutoka kwenye waya. Kwanza unajua kifaa kinavuta ampea ngapi, kisha unachagua waya wa kuzibeba kwa raha, halafu ndipo unachagua breka ambayo waya huo unaimudu. Anayeanza na breka ameanza mwisho.

Gari moja lililetwa kwangu Naivasha baada ya kupita hatua mbili za vumbi. Mwenyewe na gereji iliyofunga umeme wake sitawataja. Pampu yake ya mafuta ikiwa nzima hula ampea 12. Aliyeifunga aliipa waya wa milimita mraba 1 wenye ganda la plastiki ya kawaida, akaufungia katika tita moja na waya nyingine zaidi ya kumi, akaupitisha chini ya zulia, kando kabisa ya mahali bomba la ekzosi linapopita. Akaweka breka ya 15. Kwenye mazoezi breka ikawa inakata, wakaibadilisha kwa ya 30, ikatulia, gari likapelekwa mashindanoni.

Nilipopasua tepu, ganda la waya wa pampu lilikuwa laini kama nta ya mshumaa iliyopata jua. Lilikuwa limegandana na ganda la waya wa taa za breki uliolala ubavuni mwake. Nililikwaruza kwa ukucha tu, shaba ikatokeza, nyeusi. Zulia lililokuwa juu yake lilikuwa limeungua rangi kwa urefu wa kiganja, na tangi la petroli lilikuwa hatua moja nyuma ya hapo.

Nikaunga mita. Pampu ilikuwa inavuta ampea 22. Chujio la mafuta lilikuwa limeziba na pampu yenyewe imeanza kukwama kwa uchafu, kwa hiyo ilikuwa inasukuma kwa nguvu zake zote. Kutoka 12 hadi 22, joto ndani ya waya ule lilikuwa limezidi mara tatu. Breka ya 15 ilikuwa imesema kweli tangu mazoezi. Dawa yake ilikuwa chujio jipya na kusafisha tangi, kazi ya asubuhi moja. Badala yake walinunua breka kubwa, na watu wawili wakafungwa mikanda juu ya waya unaoyeyuka.

Wako wanaojitetea kwamba tofauti ni ndogo, "ya 15 na ya 20 si mbali." Hao wanadhani fyuzi ya 20 hukatika ampea ya 21 inapofika. Fyuzi ya kawaida ya gari, ile ya plastiki yenye miguu miwili ambayo ya 20 huwa ya njano, imetengenezwa ivumilie ampea 22 kwa saa 100 bila kukatika. Ukiipitishia 27, inaruhusiwa kuchukua hadi dakika 10 kabla ya kukata. Dakika 10 ni muda mrefu sana kwa waya uliobanwa kwenye tita la moto. Ndiyo maana waya lazima ubebe zaidi ya namba iliyoandikwa kwenye fyuzi, na ndiyo maana kila ampea unayoongeza kiholela unaitoa kwenye usalama ambao tayari ni mwembamba.

Breka nyingi za gari nazo hufanya kazi kwa joto: ndani kuna bamba la metali mbili linalojikunja likipata moto. Ukiifunga karibu na injini, au kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mchana kutwa, itakata mapema hata kama waya na pampu havina neno. Hapo pia jibu si namba kubwa. Ihamishe mahali penye ubaridi.

Sasa hizi tiba za mitaani. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyoviringishwa kwenye fyuzi iliyokufa: hakuna mtu duniani anayejua itakatika kwa ampea ngapi. Uzi wa shaba uliochunwa kwenye waya: uzi mmoja wenye kipenyo cha milimita 0.2 huyeyuka kwenye ampea kama 7, lakini sijawahi kuona fundi akiweka mmoja. Husokota mitano, sita, "ishike vizuri," na hapo ameshavuka 30 bila kujua. Kitufe cha breka kilichobandikwa tepu kisiruke: breka nzuri hukata ndani hata kitufe kikishikiliwa, na mbovu hukuachia moto. Breka ya ukutani, ya nyumba, iliyofungwa kwenye gari: hiyo imepimwa kwa umeme wa nyumbani na kwa joto la nyuzi 30, haikuundwa kutikiswa juu ya mawe siku tatu mfululizo. Nimezikuta zote, na zaidi ya mara moja kwenye magari ambayo kizimba chake cha chuma kiligharimu fedha nyingi na kuchomelewa kwa ustadi mkubwa. Mtu anayejali shingo yake kiasi hicho anawezaje kuiweka miguu yake juu ya karatasi ya sigara?

Breka au fyuzi ikikata, itafute sababu. Chomoa fyuzi, na mahali pake unga balbu ya wati 21, ile ya taa ya kona. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa mwanga kamili na waya utakuwa salama, kwa sababu balbu yenyewe haipitishi hata ampea 2. Kisha anza kutikisa tita la waya kipande kwa kipande: kwenye ukuta wa injini, chini ya kiti, kwenye bawaba za mlango, pale waya unapokatiza nguzo ya kizimba. Mahali utakapogusa balbu ikafifia au kuzimika, hapo ndipo ganda limechubuka. Balbu isipowaka kwa nguvu, unga mita na upime kifaa kinavuta kiasi gani kikiwa kazini. Nusu saa inatosha.

Kuhusu kuchagua kati ya fyuzi na breka, nitakuwa mfupi. Breka ya kitufe ina faida moja kubwa mbioni: mwelekezi anaweza kuirudisha bila kufungua mkanda, basi ifunge anapoifikia. Airudishe mara moja tu. Ikikata tena, aiache. Zile zinazojirudisha zenyewe sizitaki kwenye gari la mashindano, hasa kwenye pampu ya mafuta, kwa sababu gari likipinduka na waya ukikatika, breka hiyo itarudisha umeme tena na tena kwenye shoti ile ile. Visanduku vya kielektroniki vya kugawa umeme ni vizuri mno, vinapima kila njia na kukata kwa haraka, ila ni ghali, na navyo hutii namba utakayoviandikia. Fyuzi za kawaida zilizopangwa vizuri zinatosha gari la klabu.

Mengine ni haya. Mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80 ya namba ya fyuzi: pampu ya ampea 12 ipewe breka ya 15 na waya wa milimita mraba 2.5. Taa nne za halojeni za wati 100 huvuta ampea 33 kwa pamoja, kwa hiyo zigawe mbili mbili, kila jozi na relei yake, fyuzi yake ya 25 na waya wa milimita mraba 4, ili moja ikikata usibaki gizani. Waya mwembamba pia hukunyima mwanga: halojeni ikipungukiwa na sehemu moja ya kumi ya volti zake, hupoteza karibu theluthi ya mwanga. Usichanganye pampu na feni kwenye breka moja. Fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo, kwa kuwa kipande kilicho kabla yake hakina ulinzi wowote. Ethi ikwanguliwe rangi hadi chuma king'ae. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu. Ukilehemu kwa risasi waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na kwa mtikisiko hukatikia hapo hapo. Kila tundu la bati lipate mpira. Viungo vya chini vizibwe, maana vumbi laini la Bonde la Ufa huingia hata pale maji yasipoingia.

Swichi kuu ya kukata umeme haina mjadala. Kanuni za FIA zinataka ikate kila kitu na kuzima injini, ifikike kutoka ndani na nje, na ile ya nje iwekewe alama ya radi nyekundu kwenye pembetatu ya bluu yenye ukingo mweupe, kitako chake kisipungue sentimita 12. Swichi inayokata betri peke yake haitoshi, kwa sababu altaneta inaweza kuendelea kulisha injini. Ijaribu injini ikiwa inanguruma, kabla ya mkaguzi hajakujaribia.

Yule kijana alipima waya wake jioni ile. Ulikuwa wa milimita mraba 1. Nilimwambia abaki na breka yake ya 15, aung'oe waya wote, apitishe wa 2.5 mbali na ekzosi, kisha apime pampu na abadilishe chujio kabla hajawasha gari tena. Nawe ukinipigia kuhusu breka inayokata, uwe na mambo matatu mkononi: unene wa waya, urefu wake, na ampea ulizozisoma kwenye mita kifaa kikiwa kinafanya kazi.