Muziki wa Makofi

Je, mwadhani kila muziki wa wataalamu wahitaji kinanda? Steve Reich wa Marekani alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma. Mwaka 1972 akatunga muziki wa watu wawili wenye mikono mitupu.

Jaribuni nyumbani. Hesabuni 1 hadi 12 mkipiga makofi pamoja, ila kwenye 4, 7, 9 na 12 nyamazeni. Mkisha kuzoea, mmoja aendelee vile vile, asibadili kamwe. Mwenzake aanzie kwenye 2, baadaye kwenye 3, na kuendelea. Akisha kuhama mara 12, watakutana tena.

Mwenye kazi ngumu ni nani? Labda yule asiyehama! Sikio lamvuta amfuate mwenzake. Wazazi, wapeni watoto zamu hiyo: watajifunza hesabu, tena kusimama imara.