Ukipunguza kilo, usichanganye maji na mafuta



Siku chache mbele ya vizita ya mganga, watu wengi wanakuja kwenye dispanseri na ulizo moja: "Nimepunguza bukari, nimeacha pombe. Juma la kwanza nilishuka kilo tatu. Sasa kilo imesimama, na jioni buti zinanibana miguu. Sababu gani?" Hao wanafanya vizuri kuuliza. Wengine hawaulizi. Wanakwenda sokoni, wananunua vidonge vya kukojosha, kisha wanaingia kazini mbele ya furu na mwili uliokauka. Tunaandika ukurasa huu kwa ajili ya hao zaidi, sababu njia yao inaweza kumwangusha mtu katikati ya kazi.

MIZANI HAINA MACHO

Mizani inapima vyote pamoja: mafuta, nyama, mifupa, chakula kilicho tumboni, na maji. Maji ndiyo mengi kupita vyote. Katika mwanamume wa kilo 70, karibu litre 40 ni maji. Na litre moja ya maji ni kilo moja. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda au kushuka kilo moja au mbili kati ya jana na leo, bila kuongeza wala kupoteza mafuta yoyote.

Mafuta hayaendi mbio namna hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori karibu 7 700, ni kusema chakula cha siku mbili nzima na zaidi cha mtu wa kazi ngumu. Ukiona umeshuka kilo mbili kwa usiku mmoja, fahamu: ni maji yaliyotoka, na yatarudi.

JUMA LA KWANZA LINADANGANYA

Mwili unaweka akiba ya wanga ndani ya maini na ndani ya misuli. Kila gramu ya akiba ile inashika karibu gramu tatu za maji. Ukipunguza bukari, mkate na mchele, mwili unakula akiba yake, na maji yaliyoshikwa yanatoka kwa mkojo. Ndiyo sababu juma la kwanza kilo zinashuka kwa haraka na mtu anafurahi sana. Siku ya sikukuu anakula sahani kamili, maji yanarudi, na yeye anasema: "Nimeharibu kazi yote." Hapana, hajaharibu. Mafuta aliyopoteza hayajarudi kwa sahani moja.

NANI ANAYESHIKA MAJI MWILINI?

1. Chumvi. Tazama chupa ya seramu wanayomtundikia mgonjwa lopitalo: litre moja ina gramu 9 za chumvi. Ni karibu kipimo cha damu yetu. Basi ukila gramu 9 za chumvi kupita desturi yako, mwili unaweza kushika maji karibu litre moja mpaka mafigo yatakapoitoa. Watu wengi wanapunguza bukari lakini wanaacha palepale makayabu, samaki wa chumvi, na mchuzi wa vibe viwili vitatu. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kusema kijiko kidogo cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vibe, mkate na samaki.

2. Njaa ya kupita kipimo. Katika miaka 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kulishwa chakula kidogo kwa miezi sita ili waganga wachunguze njaa. Walikonda sana, na miguu ya wengi ikavimba maji. Sisi pia tunajua mtoto wa kwashiorkor: mikono imekonda, lakini miguu na uso vimevimba, na mtu asiyejua anasema amenona. Mtu anayetafuta kukonda kwa bukari ya muhogo na majani kidogo tu, bila maharagi, samaki wala nyama, anapoteza nguvu ya misuli, na maji yanaweza kujaa mahali pake.

3. Kukaa au kusimama fasi moja. Dereva wa kamyo kubwa na mlinzi wa mlango wanajua jambo hili. Misuli ya mguu ndiyo pompi inayorudisha damu juu. Pompi isipotembea, maji yanashuka kwenye vifundo vya miguu.

4. Dawa. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wanameza kwa maumivu ya mgongo, zinazuia mafigo kutoa chumvi na maji. Prednisoloni vilevile. Usiache dawa uliyoandikiwa na mganga. Mwambie tu kwamba unavimba.

5. Kwa akina mama, siku zilizo mbele ya damu ya mwezi. Mama asihuzunike na mizani siku hizo. Ajilinganishe na siku ileile ya mwezi uliopita.

HATARI YA KUKAUSHA MWILI

Vidonge vya kukojosha, kama furosemidi, ni dawa nzuri kwa mgonjwa wa moyo au wa mafigo aliyepewa na mganga. Havichomi mafuta hata gramu moja. Vinatoa maji pamoja na chumvi na potasiamu, na potasiamu ndiyo inayosaidia mapigo ya moyo kwenda sawa. Mtumikaji aliyevimeza kisha akatoka jasho saa nane mbele ya furu au chini ya shimo anaweza kushikwa na misuli, kizunguzungu, kuanguka, hata moyo kusimama. Fikiri mtu huyo akiwa juu ya ngazi, au ameshika usukani wa mashini: hataumia peke yake.

Kuacha kunywa maji ni kosa la namna hiyohiyo. Mwili ukikosa maji, mafigo yanafunga mlango na kushika kidogo kilichobaki. Fasi ya joto, kunywa kopo la robo litre kila dakika 15 au 20, bila kungoja kiu, lakini usipite litre moja na nusu kwa saa. Na anayetoka jasho jingi asikate chumvi yote ya chakula. Anahitaji ya kiasi.

FANYA HIVI

– Jipime mara moja kwa juma: asubuhi, baada ya kukojoa, mbele ya kula, kwa mizani ileile. Andika. Linganisha mwezi na mwezi. Kushuka nusu kilo mpaka kilo moja kwa juma kunatosha.

– Pima na kiuno kwa utepe. Mizani ikisimama lakini mshipi unaomba tundu jipya, mafuta yanatoka.

– Loweka makayabu usiku kucha, badilisha maji mara mbili tatu. Weka nyanya, kitunguu na pilipili kwa fasi ya kibe.

– Punguza bukari kwa nusu, usiikate yote. Weka kando yake maharagi, kapenta isiyo ya chumvi, lengalenga, matembele. Ndizi ina potasiamu.

– Dereva, kila unapopata ruhusa shuka, tembea dakika chache. Nyumbani, inua miguu juu ya mto. Lala vya kutosha, zaidi ukitoka posta ya usiku.

WAKATI WA KUMWONA MGANGA

Bonyeza kwa kidole gumba mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, kwa kipimo cha kuhesabu mpaka 15. Kama shimo linabaki, ni maji. Likiendelea siku nyingi, njoo. Njoo siku hiyohiyo kama mguu mmoja tu umevimba na unauma, kama uso umevimba asubuhi, kama mkojo unatoa povu jingi au ni mwekundu, kama pumzi ni fupi au huwezi kulala chali. Mama mwenye mimba akivimba uso na mikono, au akiumwa kichwa na macho kuona giza, asingoje hata usiku mmoja: apelekwe lopitalo.

Siku ya vizita mganga anapima pia damu inavyosukuma, na mkojo. Anayekausha mwili ili mizani imsifu anaficha ugonjwa ambao vizita ingeugundua mapema. Kama umemeza kidonge, mwambie mganga mbele hajakupima. Kisha uendelee polepole na kazi ya sahani yako. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia.