Saa ya Mnyoo: Kwa Nini Mtu Mzima wa Afya Ameze Dawa ya Matende

Kila vidonge vya matende vinapogawiwa huku mwambao, swali huwa ni lile lile, na wanaouliza si wajinga: miguu yangu ni mizima, sina busha, sina homa, sasa nimeze dawa ya nini? Wagawaji, wenye nyumba nyingi za kupita na jua kali utosini, hujibu kwa mkato kwamba dawa ni kinga, wakaandika jina na kusonga mbele. Jibu hilo limewasaidia kumaliza siku, lakini halijakaa sawa. Vidonge havimkingi anayemeza na mbu wa mwezi ujao. Dawa yenyewe hutoka mwilini baada ya siku chache. Ukweli ni kwamba aliye mzima ndiye hasa anayetafutwa. Yule mwenye mguu uliovimba, ambaye sote tunamtazama tunapotaja matende, mara nyingi hana tena cha kumpa mbu. Anayeambukiza ni mtu aliyelala fofofo saa saba za usiku, nguvu zake zote anazo, na damu ya mkononi mwake wakati huo imejaa viumbe ambao saa saba za mchana hawakuwemo.

Kwa watu wa Kizingitini, kisiwani Pate, hili si jambo la mbali. Mwaka 2015, kabla ya kampeni za dawa zilizokuwa zimelegalega kuanzishwa upya, watafiti walipima watu 2,996 katika maeneo 10 ya mwambao wa Kenya. Waliokutwa na alama ya mnyoo mkubwa katika damu walikuwa asilimia 1.3 kwa jumla, kiasi kidogo cha kumfanya afisa wa afya afunge daftari lake. Lakini ukitenganisha maeneo, hesabu inageuka. Katika kisiwa cha Ndau, ng'ambo tu ya maji kutoka Kizingitini, walikuwa asilimia 6.3, juu kuliko popote palipopimwa. Na watu wawili pekee waliokutwa na minyoo wachanga damuni, katika maeneo yote 10, walikuwa wa Ndau. Mbu wenyewe hawaruki mbali. Watu ndio wanaovuka, kwa harusi, kwa matanga na kwa dago la wavuvi, na wakivuka huvuka na damu yao.

Jinsi mguu unavyovimba nitaruka. Imeandikwa kwenye mabango ya zahanati. Inatosha kujua kwamba minyoo wakubwa, jina lao la kitaalamu Wuchereria bancrofti, hukaa katika mirija ya limfu kwa miaka mitano na zaidi, dume na jike pamoja, na kwamba jike, mwenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, huzaa watoto walio hai kwa mamilioni. Watoto hawa vitabu huwaita mikrofilaria, neno linalomkwama msomaji kooni. Wengine wamejaribu kuwaita viluwiluwi, lakini hao wana wenyewe, chura na mbu. Mlima mdogo ni kilima, basi mnyoo mdogo na awe kinyoo, na wakiwa wengi, vinyoo. Kinyoo ana urefu wa takriban robo ya milimita, na unene wake unakaribia upana wa chembe nyekundu moja ya damu, kwa hiyo hupenya hata mishipa midogo kuliko yote.

Jambo linalonifurahisha kuliko mengine yote katika ugonjwa huu usiofurahisha ni kwamba vinyoo wana ratiba. Aliyeigundua ni Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi katika bandari ya Amoy, China. Mwaka 1877 aliwaacha mbu wamnyonye mtunza bustani wake, aliyekuwa na vinyoo, kisha akawapasua mbu hao siku baada ya siku na kuona vinyoo wakikua ndani yao. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba mdudu anayeuma anaweza kulea kimelea cha binadamu. Baadaye aliwapa wasaidizi wake wawili zamu za kuchunguza damu, mmoja mchana na mwingine usiku, na hesabu zao hazikulingana hata kidogo: wa usiku aliwaona tele, wa mchana karibu hakuona kitu. Inasimuliwa kwamba habari hizo zilipofika kwa wataalamu wa London, mmoja aliuliza kwa kejeli kama minyoo hao hubeba saa mfukoni. Mwaka 1881, huko huko London, daktari Stephen Mackenzie alimgeuzia mgonjwa wake usingizi, akamlaza mchana na kumkesha usiku. Baada ya siku chache vinyoo nao wakageuka, wakawa wanatokea mchana. Saa ilikuwepo kweli, ila hawakuisoma juani. Waliisoma katika usingizi wa mwenye mwili.

Mchana huwa wapi? Jibu la kwanza lilitokana na msiba: mwishoni mwa karne ya 19 mgonjwa mmoja wa Manson alijiua asubuhi, na maiti ilipopasuliwa vinyoo walikutwa wamejazana mapafuni. Kwa nini mapafuni, jibu lilikawia hadi katikati ya karne ya 20, alipolishughulikia Frank Hawking, baba wa mwanafizikia Stephen Hawking. Alionyesha kwamba kinachowaongoza ni oksijeni. Mtu akiwa macho anahangaika, pana tofauti kubwa ya oksijeni kati ya damu inayoingia mapafuni na ile inayotoka, na vinyoo huihisi tofauti hiyo, wakapiga mbizi dhidi ya mkondo ili wabaki katika mishipa midogo ya mapafu. Mtu akilala tofauti hupungua, nao huacha kushindana na mkondo, wakachukuliwa hadi vidoleni, usoni na miguuni, mahali mbu anapotua. Mgonjwa akipewa oksijeni ya kuvuta usiku, idadi yao katika damu ya kidole hushuka. Wapo wanaotaja pia joto la mwili na mengineyo, lakini oksijeni ndiyo yenye ushahidi mzito.

Mtu wa Pate hahitaji hadubini kulielewa hili. Abiria anayejua bahari hasimami ufukweni kutwa nzima kuingoja mashua. Juani ataungua, na maji yakiwa yametoka chombo hakiji hata akiita. Hukaa barazani kwenye kivuli, na maji yanapoanza kujaa huyajua bila ya kwenda kuyatazama, ndipo anapochukua mzigo wake na kushuka. Mapafu ndiyo baraza ya vinyoo, usingizi wetu ndio maji kujaa, na mbu ndiye mashua. Mashua hiyo ni ndogo na haina huruma. Wengi wanaoipanda huishia tumboni mwa mbu, wachache hutoboa wakaingia katika misuli ya kifua chake, na huko hukaa siku kumi hadi kumi na nne wakibadilika kabla hawajaweza kuteremka kwa mtu mwingine. Ndani ya chombo hawazaliani hata mmoja. Walioshuka hawazidi waliopanda. Walioikosa hawapotezi kitu: alfajiri mwenye mwili akiamka hurudi barazani, na usiku wa pili hushuka tena, na wa tatu, kwa miezi mingi. Kisha kila bandari ina saa zake. Huku kwetu vyombo ni mbu wa majumbani aina ya Culex na mbu wa Anopheles, wote wauma usiku, na vinyoo wetu hujaa zaidi kati ya saa nne na saa nane za usiku. Katika visiwa vya Polynesia mbu mwenyeji huuma mchana, na vinyoo wa mnyoo huyu huyu huko wameizoea ratiba ya mchana. Katika misitu ya Kongo kuna mnyoo mwingine, Loa loa, anayebebwa na nzi anayeuma mchana. Watoto wake hutokea mchana na usiku hujificha.

Ukishaielewa ratiba hii, swali la mtu mzima wa afya limejibiwa. Vinyoo hawaumi, hawawashi, na hutembea wakati mwenyewe amelala. Hakuna mtu anayeweza kusema kwa kujihisi tu kwamba hana. Wala haisaidii kuwatibu wagonjwa wanaoonekana peke yao, kwa kuwa abiria hawako kwao. Na kwa vile mbu hawazidishi, na inahitajika kuumwa mara nyingi sana kabla ya dume na jike kukutana ndani ya mwili mmoja, mnyoo huyu ana udhaifu ambao malaria haina: ukiwapunguza abiria vya kutosha katika mji mzima kwa pamoja, safari zenyewe zinakatika. Malindi, kwa mfano, dawa zilianza kutolewa mwaka 2002 na miaka mingine ikarukwa kwa ukosefu wa fedha, lakini kufikia 2009 wenye vinyoo walikuwa wameshuka kutoka karibu asilimia 21 hadi chini ya 1.

Dawa zilizotumika wakati huo zilikuwa mbili, DEC na albendazole. Mwaka 2018 Kenya, miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika, iliongeza ya tatu, ivermectin, ikianza na Jomvu huko Mombasa na Lamu Mashariki, ambako Kizingitini imo. Tofauti si ndogo. Katika jaribio la Papua New Guinea lililochapishwa mwaka huo huo, watu 55 kati ya 57 waliomeza zote tatu kwa mara moja hawakuwa na kinyoo hata mmoja mwaka mzima baadaye. Kwa waliomeza mbili walikuwa 18 kati ya 56. Kwa nini basi majirani zetu wa Tanzania hawawezi kuzitumia tu hizo tatu kila mahali? Kwa sababu wana usubi, ugonjwa wa nzi wa mitoni unaopofusha, katika sehemu kama Mahenge, na mwenye usubi akipewa DEC macho yake yanaweza kuharibika. Kenya haina usubi kwa sababu mwaka 1946 watafiti Garnham na McMahon walimwaga DDT katika mito ya bonde la Kodera, Nyanza, na kazi ikaendelezwa hadi nzi wenyewe wakatoweka. Huko Kodera walimmaliza nzi huyo kabla ya mtu yeyote kujua buu wake anaishi wapi. Miaka minne baadaye ndipo ilipogunduliwa kwamba hujishika kwenye kaa wa mtoni. Kidonge cha DEC alichopewa mtu wa Kizingitini kiliwezekana kwa sababu ya kazi hiyo ya upande wa pili wa nchi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba dawa zinaumiza. Zinaumiza baadhi ya watu, ni kweli: homa, kichwa, viungo kwa siku moja au mbili. Lakini anayeumia zaidi kwa kawaida ni yule aliyekuwa na vinyoo wengi, kwa maana wanakufa ndani yake kwa mkupuo. Dawa tatu kwa pamoja zimelinganishwa na zile mbili katika uchunguzi wa watu zaidi ya 26,000 katika nchi tano, na hali mbaya zilikuwa nadra. Wajawazito, wagonjwa mahututi na watoto wa chini ya miaka mitano hawapewi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini tusishughulike na mbu, ambao ndio chanzo? Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walifanya yote mawili. Watu walipewa DEC, na juu ya maji ya vyoo vya shimo ikamwagwa tabaka ya chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, mbu wa Culex wakakosa pa kuzalia. Karibu nusu ya watu walikuwa na vinyoo mwanzoni. Walishuka hadi asilimia 10, na wakaendelea kushuka, wakati mji uliopewa dawa bila chembe ulianza kupanda tena. Kwa hiyo wanaotaka mbu washughulikiwe wana haki nusu. Dawa ndiyo inayoangusha, mbu wakidhibitiwa ndipo kinachoangushwa hakiinuki. Zanzibar nzima nayo ilimeza dawa kuanzia 2001, ikasimama baada ya miaka michache ikidhani imemaliza, na ikalazimika kuanza tena.

Kujua kama umemaliza ndiko kugumu. Kipimo cha kipande cha karatasi, kinachofanywa saa yoyote kwa tone la kidole, hutafuta alama ya mnyoo mkubwa. Dawa tatu humfanya mnyoo mkubwa awe tasa bila ya lazima kumuua, hivyo mtu anaweza kuonekana anaye ilhali hana tena cha kuambukiza. Ndiyo maana palipotumika dawa tatu hupimwa watu wazima wa miaka 20 na zaidi, na kila aliyeonekana kwenye kipande hufuatwa usiku kuchukuliwa damu ya kutazamwa kwa hadubini. Wenye vinyoo wakiwa chini ya asilimia 1, dawa zinaweza kusimama. Sasa fikiria mji wa wavuvi. Wanaume wengi hawako vitandani saa sita za usiku, wako baharini au dagoni. Na mvuvi aliyerudi jana baada ya wiki ya kukesha na kulala mchana, kwa kanuni ya Mackenzie, saa ya vinyoo wake huenda bado imepinduka. Damu yake ya usiku itaonekana safi, kisha siku chache za kulala nyumbani zitairudisha saa mahali pake, mbele ya mbu wa nyumbani. Kipimo cha usiku Kizingitini kingefaa kifanywe kusi linapovuma, bahari ya nje ikiwa imechafuka na vyombo vingi vimefungwa, na kila mwanamume aulizwe kwanza wiki iliyopita alilala saa ngapi.