Asiyesema Naye Ana Neno

Sisi watu wa pwani hujisifu kwa ulimi. Barazani husifiwa msemaji, harusini husifiwa malenga, na mtoto akichelewa kusema jamaa huanza kunong'onezana. Aliyezaliwa kiziwi huitwa "bubu" hata jina lake halisi likasahaulika. Je, ni kweli kwamba asiyesema hana neno?

Swali hili lilinikaa moyoni nilipokuwa Woodley, mtaa wa magharibi mwa jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, jirani na Kibera na soko la Toi. Nyumba zake za kale zilijengwa na baraza la jiji zama za ukoloni, na kwa miaka ya karibuni gumzo kubwa mtaani limekuwa ni kuvunjwa kwa nyumba hizo ili yasimamishwe maghorofa. Katika mkutano mmoja wa wakaazi nilikaa karibu na fundi cherehani mmoja kiziwi. Watu walinena, wakabishana, wakapiga makofi. Yeye alitazama midomo tu, maana mkalimani hakuwako. Mara mbili aliinua mkono, na mara mbili akapitwa.

Hatimaye kijana mmoja muuza mitumba, aliyejifunza ishara kwa kufanya naye biashara, alisimama akamfasiria. Fundi aliuliza hivi: wapangaji wa vyumba vya uani, ambao majina yao hayamo daftarini, wao watahesabiwa wapi? Mkutano mzima ulinyamaza. Saa nzima ilikuwa imepita na hakuna mwenye ulimi aliyekumbuka kuliuliza jambo hilo!

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kumwekea kiziwi mkalimani si sadaka. Mkutano usiomsikia hupungukiwa na akili yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitambua hilo. Ibara ya 7 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya Braille. Ibara ya 54 inampa mlemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Na ibara ya 120 imeifanya lugha hiyo ya ishara kuwa miongoni mwa lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini sheria haishuki mtaani kwa miguu yake. Hushushwa na watu.

Nasi Waislamu hatuna udhuru. Nabii Zakaria, alayhi salaam, alipozuiliwa kusema siku tatu, aliwaagiza watu wake ibada kwa ishara. Nabii Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na akaomba nduguye Harun amsaidie kwa kuwa ni fasaha zaidi. Wala utume haukumpita kwa sababu ya ulimi. Mafakihi nao wameikubali ishara ya bubu inayofahamika kuwa kama tamko katika ndoa na mauziano. Ikiwa ishara yafunga ndoa, itashindwaje kutoa rai mkutanoni?

Tena jambo hili si la viziwi peke yao. Yuko mwenye kigugumizi, yuko mzee aliyepigwa na kiharusi, yuko mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kule Kilifi watafiti waliwaendea wazazi majumbani wakawafundisha kuzungumza na watoto wasioweza kutamka, kwa kutumia vitu, picha na ishara; habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2014. Hapahitajiki mtambo wa ghali. Picha zilizobandikwa kwenye kadi zatosha kuanzia, na ubao wa herufi wa kuonyesha kwa kidole, na sentensi fupi, na zaidi ya yote subira: kumngoja mwenye kigugumizi amalize mwenyewe, bila ya kumkatiza wala kummalizia.

Kamati za misikiti yetu, tangu Makina pale Kibera hadi Lamu, zingeweza kuanza na hotuba ya Ijumaa. Mkalimani mmoja akisimama mahali pa kuonekana, kiziwi hatakuwa tena mtu wa kuinuka na kuinama tu pamoja na wenziwe, atajua alichousiwa. Na ikija zamu ya mashauri ya mtaa au ya msikiti, aulizwe naye, kisha angojwe ajibu.